Kuifuata Shilingi ya Kufufua Uchumi hadi Kitengela

Kufuatilia fedha za kufufua uchumi ni kuunganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi hukaa mbalimbali: tarakimu iliyosomwa bungeni, na darasa, kituo cha afya, soko au ujira uliopatikana mtaani kutokana na tarakimu hiyo. Uwazi ni ile hali inayomwezesha mwananchi asiye na cheo wala ndugu ofisini kuviunganisha yeye mwenyewe. Serikali inaweza kutangaza mabilioni kila mwaka na bado uwazi usiwepo, ikiwa mkazi wa Kitengela hawezi kusema ni kiasi gani cha fedha hizo kilifika kwao, kikapokelewa na nani, na kikajenga nini.

Kitengela ni mahali panapolifunua jambo hili vizuri. Mji huu wa Kajiado Mashariki nchini Kenya, ulio kwenye barabara ya Namanga, umekua kwa kasi kuliko mipango yake. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840, na Kitengela peke yake ilikuwa imepita watu 150,000. Wengi wao wanafanya kazi Nairobi au katika viwanda vya EPZ (vya bidhaa za kuuza nje) vya Athi River, na wamejenga au kupanga juu ya ardhi iliyokuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai hadi ilipogawanywa mwaka 1988. Katika mji wa namna hii kumbukumbu ya umma ni fupi. Aliyehamia juzi hajui shule iliyo jirani ilijengwa kwa fedha gani. Mzee aliyekuwepo hukumbuka siku ya kuweka jiwe la msingi, lakini mkataba hakuwahi kuuona. Kwa hiyo kumbukumbu inayotegemewa ni ile iliyoandikwa na kuwekwa mahali ambapo wote wawili wanaweza kuifikia.

Mpango wa 2009

Juni 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha, alisoma bajeti iliyobeba Mpango wa Kufufua Uchumi wa KSh bilioni 22. Sababu zilikuwa nzito. Uchumi uliokuwa ukikua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 uliporomoka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, kupanda kwa bei ya chakula na mafuta, na msukosuko wa fedha duniani. Kisha ukaja ukame. Kajiado ilipoteza mifugo mingi mno mwaka huo wa 2009, na familia zilizokuwa zikiishi kwa maziwa na mauzo ya ng'ombe zikajikuta zikitafuta vibarua mijini.

Mpango huo haukugawa fedha kwa wizara tu. Uligawa kwa maeneo bunge, ambayo wakati ule yalikuwa 210, na vitu vilivyokusudiwa vikawekewa bei. Shule moja ya sekondari katika kila eneo bunge ingepata KSh milioni 30 ili iwe kituo cha ubora. Shule mbili za msingi zingepata KSh milioni 3.5 kila moja. Kulikuwa na KSh milioni 20 za kituo cha afya cha mfano na KSh milioni 10 za soko la mazao. Kulikuwa pia na mabanda ya jua kali, walimu wa mkataba 50 wa msingi na 10 wa sekondari, na wauguzi 20. Katika maeneo bunge 140 yangechimbwa mabwawa 200 ya samaki katika kila eneo, jumla 28,000.

Kwa mtu anayetaka kufuatilia, mgawanyo wa aina hii una thamani kubwa, nami naona haujapewa sifa unayostahili. Kajiado wakati huo ilikuwa na maeneo bunge matatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Shule mbili za msingi mara tatu ni shule sita, sawa na KSh milioni 21. Vituo vya ubora vitatu ni KSh milioni 90. Hesabu hiyo mtu yeyote aliyemaliza darasa la sita anaweza kuifanya, kisha akauliza: shule hizo sita ni zipi? Bei ikishajulikana na idadi ikishajulikana, swali linalobaki ni la mahali, na mahali huonekana kwa macho.

Usawa huo ulikuwa na kasoro yake. Kajiado ilikuwa na wastani wa watu 229,000 kwa kila eneo bunge, ilhali Lamu Mashariki ilikuwa na watu chini ya 20,000, na kila eneo bunge lilipewa fungu lile lile. Tarakimu iliyo wazi inaweza kuwa tarakimu isiyo ya haki. Lakini dhuluma iliyoandikwa waziwazi angalau inaweza kupingwa kwa hesabu.

Shilingi inakopitia

Kabla ya shilingi kuwa tofali, hupita mikono mingi. Bunge hupitisha bajeti. Hazina hutoa fedha kwa wizara. Wizara humpa ofisa wake wa mashinani hati ya ruhusa ya kutumia fedha, ile ambayo maofisa huiita AIE. Zabuni hutangazwa, mkandarasi hupatikana, mkataba hutiwa saini. Mhandisi wa ujenzi wa serikali hukagua kazi na kutoa cheti kinachosema imefikia wapi, na mhasibu hulipa kwa kufuata cheti hicho. Mwishoni jengo hukabidhiwa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupitia vitabu.

Kila hatua huacha karatasi. Tatizo ni kwamba kila karatasi huwa na jina lake la mradi. Katika bajeti mradi unaweza kuwa ndani ya fungu la elimu la nchi nzima. Katika AIE ni kiasi cha eneo zima. Katika zabuni ni namba ya wizara. Katika cheti ni jina la shule, pengine limeandikwa kwa tahajia nyingine. Ukifika shuleni unakuta ubao wenye jina la mkandarasi na la mfadhili, bila bei. Ubao wa mradi usio na bei wala tarehe ya kukamilika hauna kazi kwa mwananchi. Unamwambia nani wa kushukuriwa, haumwambii nini cha kudaiwa.

Wafugaji wa Kajiado wana jibu la tatizo hili kwa upande wa ng'ombe. Alama iliyochomwa ubavuni hukaa pale pale, ng'ombe akivuka mto, akiuzwa Kiserian au akichanganyika na kundi la watu wengine. Mradi wa serikali unahitaji alama ya namna hiyo: namba moja inayozaliwa katika kitabu cha bajeti na kubaki ile ile katika hati ya fedha, zabuni, mkataba, cheti cha malipo, ubao wa mradi na ripoti ya ukaguzi. Bila hiyo, kila ofisi inaweza kusema ukweli wake na bado mwananchi asiweze kuuliza lolote.

Fedha za kufufua uchumi huzidisha ugumu huu kwa sababu ya haraka. Faida yake iko katika kuingia mifukoni upesi, kabla mtu hajafukuzwa kazi au duka halijafungwa. Zikichelewa miaka miwili zinakuwa fedha za kawaida tu. Lakini mwaka wa fedha wa Kenya huisha tarehe 30 Juni, na ofisi iliyopokea fedha Machi inalazimika kutangaza zabuni, kuchagua, kujenga na kulipa katika wiki chache. Hapo ndipo mikataba huandikwa vibaya na kazi nusu hulipwa kama kazi nzima. Dawa ya haraka ni kuchapisha taarifa kwa haraka hiyo hiyo, mradi ungali unajengwa. Ripoti ya ukaguzi inayofika miaka miwili baadaye humkuta mkandarasi keshaondoka na mhasibu kahamishwa.

Tovuti, na mipaka yake

Mwaka 2009 Marekani nayo ilikuwa na mpango wake wa kufufua uchumi. Sheria ya Februari 2009 ilitenga dola bilioni 787, ikaunda bodi ya uwajibikaji iliyoongozwa na Earl Devaney, na ikaanzisha tovuti ya Recovery.gov ambamo waliopokea fedha walitakiwa kuripoti kila robo ya mwaka. Ripoti za kwanza zilipotoka mwishoni mwa 2009, waandishi wa habari walikuta fedha zilizorekodiwa katika wilaya za uchaguzi ambazo hazipo. Serikali iliaibika, takwimu zikasahihishwa. Huko ndiko kufuatilia kwenyewe: kosa lilionekana kwa sababu takwimu zilikuwa mezani, zimegawanywa kwa mahali.

Kenya nayo, kupitia Hazina, ilifungua tovuti ya mpango wake iliyopanga miradi kwa maeneo bunge. Ilikuwa hatua njema, na walioibuni wanastahili kutajwa kwa wema. Lakini nyaya za intaneti za chini ya bahari ndiyo kwanza zilikuwa zinafika Mombasa mwaka huo wa 2009. Mfugaji wa Imaroro au mama muuza mboga wa Noonkopir, sehemu kongwe ya Kitengela, hakuwa na njia ya kuingia. Na maelezo yalikuwa ya Kiingereza, katika eneo ambako Kimaasai na Kiswahili ndizo lugha za baraza la chifu. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua mpango wa takwimu huria za serikali, wa kwanza wa ukubwa wake katika Afrika kusini mwa Sahara, na matumaini yakawa makubwa. Lakini takwimu nyingi zilizowekwa hazikuhuishwa kwa miaka.

Tovuti hujibu maswali ya mtu anayejua cha kuuliza. Ushahidi bora wa hilo ulitokea wiki chache kabla ya bajeti ya 2009. Shirika la Mars Group Kenya lilikaa na vitabu vya bajeti ya nyongeza, likajumlisha safu kwa safu, na kutangaza kwamba kuna tofauti ya KSh bilioni 9.2. Jambo lilifika bungeni. Hazina ilieleza kuwa ni kosa la kiufundi. Hakuna tovuti iliyolifichua. Lilifichuliwa na watu waliosoma karatasi zilizokwisha kutolewa, wakiwa na kikokotoo na subira.

Majengo yaliyobadilisha mwenyewe

Pigo kubwa zaidi kwa ufuatiliaji wa mpango wa 2009 lilikuja na jambo jema. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 afya, masoko na shughuli nyingine nyingi zikahamia kwenye serikali za kaunti. Shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Maeneo bunge nayo yakawa 290, na Kajiado ikawa na matano badala ya matatu. Kitengela ikawa ndani ya eneo bunge jipya la Kajiado Mashariki.

Fikiria maana yake kwa mtu mwenye orodha ya 2009 mkononi. Maeneo bunge aliyoyaandika yamebadilika mipaka. Kamati zilizosimamia miradi zimevunjwa. Mabaraza ya miji na wilaya yaliyokuwa wenyeji wa masoko yamekufa. Wizara iliyotia saini mkataba wa soko haipo tena kwa jina lile. Kaunti inasema mradi ni wa serikali kuu, serikali kuu inasema shughuli hiyo imegatuliwa. Katika sehemu nyingi za nchi, masoko na mabanda ya jua kali ya mpango huo yalisimama miaka mingi bila kukamilishwa au bila kutumiwa, na ripoti za Mkaguzi Mkuu zikarudia kuyataja. Nionavyo mimi, fedha nyingi zilipotea machoni pa umma katika kipindi hiki cha makabidhiano kuliko katika zabuni zenyewe, na hazikuhitaji mwizi. Zilihitaji tu orodha isiyo na mtu wa kuirithi.

Ujira usioacha jengo

Awamu ya pili ya fedha za kufufua uchumi ilikuja na korona. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilifunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong zikawekwa ndani ya mpaka huo. Mei mpaka wa Namanga ulifungwa kwa wasafiri, malori yakajipanga kwa foleni ndefu. Tarehe 23 Mei Rais Kenyatta alitangaza mpango wa sehemu nane wa KSh bilioni 53.7. Kati ya hizo, KSh bilioni 10 zilikuwa za Kazi Mtaani, ambayo katika awamu yake ya pili ilienea kaunti zote 47 na kuwalipa vijana KSh 455 kwa siku, kupitia simu, kwa kufagia, kuzibua mitaro na kufyeka.

Kazi Mtaani ni mtihani mgumu wa uwazi. Mtaro uliozibuliwa Juni hujaa tena Novemba, na hakuna anayeweza kuuonyesha kwa kidole kama ushahidi. Kwa upande mwingine, malipo ya simu huacha kumbukumbu safi kuliko bahasha yoyote. Je, orodha ya majina ichapishwe? Sidhani. Kijana aliyelazimika kufyeka nyasi ili ale hana wajibu wa kutangazwa kuwa maskini, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda. Lakini idadi kwa kila wadi, siku zilizofanywa na jumla iliyolipwa havimuumizi mtu. Kundi la vijana 100 waliofanya kazi siku 11 hulipwa KSh 500,500. Tarakimu hiyo ikibandikwa kwa chifu, vijana wenyewe wanajua walikuwa wangapi na walilipwa siku ngapi. Hao ndio wakaguzi wenye taarifa kamili kuliko wote.

Mwaka huo huo ulionyesha pia kinachotokea taarifa zikifungwa. Septemba 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alitoa ukaguzi maalumu wa ununuzi wa vifaa vya korona katika mamlaka ya ugavi wa dawa, KEMSA, wa KSh bilioni 7.8, ulioeleza ukiukaji mkubwa wa sheria za ununuzi. Agosti, baada ya malalamiko ya umma, Rais alikuwa ameagiza taarifa za zabuni hizo zichapishwe. Ilikuwa lazima watu walalamike ndipo kitu kilichokwisha kuamriwa kitendeke: agizo la Rais la 2018 lilitaka zabuni zote za serikali zichapishwe kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo.

Majirani walivyofanya

Uganda ina mfano unaosomwa duniani kote. Utafiti uliofuata ruzuku za shule za msingi za mwaka 1991 hadi 1995 uligundua kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha zilizotumwa kwa matumizi ya shule zilifika shuleni. Zilizobaki ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni zilichopokea. Kufikia 2001 kiwango kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wasomi wamebishana baadaye ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti, kwa kuwa Uganda ilikuwa ikibadilisha mambo mengine mengi wakati huo. Ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo haubadilishi jambo la msingi: mwalimu mkuu aliyejua kilichotumwa aliweza kudai kilichopungua.

Tanzania ilifanya kitu rahisi zaidi mwaka 2021. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa TSh trilioni 1.3 ulizinduliwa Oktoba kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Kila darasa liliwekewa TSh milioni 20, na bei hiyo ikatangazwa kila mahali hadi ikawa maneno ya kijiweni. Mwanakijiji aliyeona darasa limeishia kwenye lenta hakuhitaji hati yoyote ili kuuliza milioni 20 zimekwenda wapi.

Na hapa nyumbani, Mombasa, mwaka 2007, shirika la MUHURI liliwafundisha wakazi wa Changamwe kuchukua hati za miradi ya mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, kwenda kuitazama, kisha kuisoma hesabu hadharani mbele ya kamati iliyotumia fedha. Wakazi waliongozwa na uzoefu wa wanakijiji wa Rajasthan, India, waliokuwa wakifanya mikutano ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Njia hii inachosha, inataka wiki nyingi na inategemea ofisa mmoja mwenye moyo wa kutoa hati. Lakini sijaona nyingine inayokutanisha karatasi, jengo na mtu anayehusika mahali pamoja, siku moja.

Sheria iliyopo mkononi

Kile ambacho watu wa Changamwe walikipata kwa hisani mwaka 2007, mkazi wa Kitengela leo anakipata kwa haki. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Ibara ya 201 inataka uwazi na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma, inapotia saini mkataba, itangaze kazi yenyewe, bei, jina la aliyepewa na muda wa kukamilisha. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husema, na ofisa humwandikia. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na likikataliwa au likinyamaziwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ombi zuri ni fupi. Halisemi "nataka kujua kuhusu maendeleo ya Kitengela". Linataja mradi mmoja, mahali pake na mwaka wake, na kuomba nakala ya mkataba, vyeti vyote vya malipo na hati ya makabidhiano. Karatasi hizo tatu zinatosha kuonyesha kilichoahidiwa, kilicholipwa na kilichopokelewa.

Kuuliza bado kunaweza kuwa na gharama. Juni na Julai 2024 Kitengela ilikuwa miongoni mwa miji iliyotikiswa na maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, na tarehe 19 Agosti wanaharakati watatu walitekwa mjini humo. Walionekana tena tarehe 20 Septemba, zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Mtu anayefikiria kwenda ofisini kuomba cheti cha malipo hulikumbuka hilo, na haki ya taarifa haijakamilika pale mwombaji anapolazimika kupima usalama wake kwanza.

Siku ile ile ya tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge unakwenda kinyume cha Katiba na kuweka 30 Juni 2026 kuwa kikomo chake. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa. Wakati wowote mfuko huo ukikomeshwa, jambo la 2013 linaweza kujirudia: madarasa, ofisi za machifu na vituo vya polisi vinavyojengwa kwa fedha hizo katika wadi tano za Kajiado Mashariki vinaweza kubadilisha mwenyewe vikiwa vimefika nusu. Orodha ya miradi hiyo, yenye namba, bei, kiasi kilicholipwa na hatua iliyofikiwa, inaweza kuandikwa katika muda mfupi na ofisi iliyo nayo sasa, ikabandikwa Noonkopir, Isinya na Kajiado mjini, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, kabla mtu yeyote hajakabidhi funguo.